UZI: Patou, mbwa mweupe wa milima ya Pyrenees. Umbo, historia, tabia na mambo yanayowashinda wengi

#1 Mlinzi_Mweupe

Wadau salaam. Picha ya mbwa mkubwa mweupe aliyelala katikati ya kondoo ikipita tu, maoni huwa yale yale: wengine dubu, wengine Labrador aliyefuga nywele. Nafungua uzi huu tumalize ubishi. Mnaomjua karibuni mwongezee na mnisahihishe, ila hadithi za "mbwa wa mjomba wangu" tuziache nje.

Jina lake rasmi kwa Kifaransa ni Chien de Montagne des Pyrénées, yaani mbwa wa mlima wa Pyrenees, ile safu inayotenganisha Ufaransa na Hispania. Wamarekani wanamwita Great Pyrenees. Wachungaji wa huko kwao wanamwita Patou, jina linalohusishwa na neno la zamani la mchungaji. Kwenye orodha ya FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, ni namba 137.

Kabla ya umbo, shikeni jambo moja. Kuna mbwa wa kuswaga kondoo na kuna mbwa wa kulinda kondoo. Wa kuswaga, kama Border Collie au yule mdogo wa Pyrenees kwenyewe, Berger des Pyrénées, anamkodolea mchungaji macho muda wote akisubiri ishara. Patou ni wa kulinda. Kazi yake ni kuachwa na kundi juu mlimani usiku, ukungu umeshuka, mchungaji amelala kibandani, na kuamua peke yake kipi ni hatari na kipi siyo. Karibu kila tabia inayowaudhi wafugaji wa nyumbani imetoka hapo.

Sasa umbo. Kimo, ambacho hupimwa kutoka ardhini hadi juu ya bega, ni sm 70 hadi 80 kwa dume na sm 65 hadi 75 kwa jike. Uzito ni kuanzia kilo 45 hivi kwa dume na 38 kwa jike. Ukimwangalia utaapa ana kilo 80, kumbe nusu ya unachokiona ni manyoya. Mlowanishe uone anavyopungua! Chini ya manyoya kuna mwili ambao urefu wake unazidi kimo kidogo tu, kifua kipana lakini si pipa, na miguu ya mpandaji. Dume zito linalotembea kama gunia linaweza kumfurahisha mnunuzi, ila kwa mbegu hii ni kasoro. Huyu si Saint Bernard, alitakiwa apande mteremko wa mawe na kushuka mara kadhaa kwa siku.

Kichwa hakitakiwi kuwa kikubwa mno. Fuvu na domo vinaungana kwa mteremko mpole bila ngazi kali kati ya macho, na domo linapungua taratibu kuelekea puani. Midomo inafunika taya la chini kwa shida, ndiyo maana hatiririshi udenda ovyo (akimaliza kunywa maji, hapo andaa tambara). Macho ni madogo, umbo la lozi, kahawia yenye kaharabu, yamekaa mshazari kidogo. Hayo macho ndiyo yanayompa ule mtazamo wa mtu anayekusikiliza huku akiwaza mambo yake. Kingo za macho, midomo na pua ni nyeusi ti. Masikio ni madogo, ya pembetatu yenye ncha butu, yanaanzia usawa wa macho na kulala bapa.

Rangi ni nyeupe tupu, au nyeupe yenye mabaka kichwani, masikioni na kwenye shina la mkia: kijivu, njano hafifu, chungwa, au rangi ya mbwa mwitu. Inayosifiwa zaidi ni ile Wafaransa wanayoiita blaireau, ambapo nywele nyeusi, nyeupe na za kahawia zimechanganyika ndani ya baka moja. Mtoto akizaliwa na mabaka yaliyokolea usishangae yakififia akiwa mtu mzima.

(Nikiandika "mbwa mwitu" kwenye uzi huu namaanisha yule wa kijivu wa Ulaya, siyo yule wa Afrika mwenye mabaka na masikio ya duara.)

#2 Kibibi_Nyota

Asante mkuu kwa uzi. Swali la haraka: miguu ya nyuma ya hawa mbwa ina vidole viwili vya ziada kwa ndani, vinaning'inia juu ya ardhi. Ni ulemavu? Na je, vikatwe akiwa mdogo?

#3 Dokta_Mifugo

Siyo ulemavu dada, ni alama ya mbegu. Mguu wa mbele una kidole kimoja cha juu kama mbwa wengine. Mguu wa nyuma una viwili, na kiwango cha FCI, yaani maelezo rasmi ya umbo la mbegu, kinavidai. Patou asiyekuwa navyo hatambuliki kama Patou kamili. Mbegu nyingine mbili za Ufaransa, Briard na Beauceron, zinavyo pia.

Kuvikata, hapana. Mara nyingi vina mfupa na vimeungana na mguu, siyo ngozi inayoning'inia tu. Tatizo lake ni moja: havigusi ardhi, kwa hiyo kucha hazisuguliki. Zinakua kwa kupinda, zinazunguka kama pembe ya kondoo dume, mwisho ncha inaingia ndani ya nyama ya kidole chenyewe. Mmiliki haoni kwa sababu manyoya yamefunika. Anachoona ni mbwa anayelamba mguu kila jioni, na akipapasa anakuta usaha.

Utaratibu ni huu. Kila wiki 3 hadi 4 mlaze ubavu. Pitisha kidole gumba chako katikati ya vile vidole viwili uvitenganishe, maana vimeshikana na ni rahisi kukata kimoja ukasahau cha pili. Rudisha manyoya nyuma. Usikate kipande kikubwa kwa mara moja, punguza milimita moja au mbili, uangalie sehemu iliyokatwa. Ukiona kitone kilaini, cheusi au cha waridi, katikati ya ukucha, simama, mshipa wa damu uko jirani. Ikitoka damu, bandika wanga wa mahindi na ubane dakika chache bila kuchungulia chungulia. Kama ncha imeshazama kwenye nyama usiing'oe nyumbani, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

#4 Nyaraka_Kwanza

Naingia upande wa historia, maana huko ndiko kuna uongo mwingi.

Utakuta kurasa zinazosema mbwa huyu alitoka Asia mwaka fulani kabla ya Kristo, namba kamili kabisa, kana kwamba mtu alikuwepo mpakani anagonga mihuri. Kwamba mbwa weupe wa kulinda mifugo wanapatikana kuanzia Uturuki hadi Pyrenees ni kweli, na kwamba walitembea na wachungaji ni jambo linaloingia akilini. Hiyo tarehe kamili ndiyo isiyo na mguu wa kusimamia.

Tunachoweza kukishika kinaanzia karne ya 14. Gaston Phoebus, mtawala wa Foix, eneo lililo chini ya milima hiyo, aliwataja mbwa hawa, na wakati huo walishatumika kulinda ngome. Karne ya 17 wakaingia katika kasri la mfalme Louis XIV, mbwa wa mchungaji akageuka mbwa wa watu wakubwa. Mwaka 1824 Lafayette, yule jenerali Mfaransa aliyepigana vita vya uhuru vya Marekani, alimpelekea rafiki yake Mmarekani J. S. Skinner jozi moja.

Maelezo ya kwanza ya kina kuhusu umbo yalichapishwa 1897 katika kitabu cha Count de Bylandt. Vyama vya kwanza vya mbegu vikaja miaka kumi baadaye. Mwaka 1923 chama kilichoongozwa na Bernard Sénac-Lagrange kikaandikisha kiwango rasmi Ufaransa, na kinachotumika leo hakijaenda mbali na kile. Kule Marekani familia ya Crane ilianza kuwaingiza na kuwazalisha kwa mpango 1931, na AKC, chama kikuu cha mbwa cha huko, kikawatambua 1933.

Halafu angalieni kejeli ya mambo. Wakati mbwa anapata vyeti, kazi yake ilikuwa inakufa. Mbwa mwitu walikuwa wakiwindwa hadi kutoweka Ufaransa, dubu wamebaki wa kuhesabika. Patou akawa mbwa wa maonyesho na wa bustanini. Kazi ilirudi kwa milango miwili.

Mlango wa kwanza ni Marekani. Mwaka 1972 Rais Nixon alipiga marufuku sumu za kuulia wanyama wala nyama kwenye ardhi ya serikali kuu. Wafuga kondoo waliokuwa wakitegemea sumu dhidi ya koyote, mla nyama wa huko wa jamii ya mbwa, wakahitaji njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na kuingia 1980 watafiti, wakiwemo wa kituo cha kondoo cha Dubois, Idaho, wakaanza kuwajaribu mbwa walinzi, Patou akiwemo. Mlango wa pili ni Ulaya kwenyewe: mwaka 1992 mbwa mwitu kutoka Italia walionekana tena kwenye hifadhi ya Mercantour, kusini mashariki mwa Ufaransa, na 1996 na 1997 dubu kutoka Slovenia wakaachiwa Pyrenees ya kati. Ghafla wachungaji ambao babu zao ndio walikuwa na mbwa hawa wakawa wanajifunza upya.

#5 Kola_ya_Miba

Nakazia hapo kwa Nyaraka. Zamani mbwa aliyekwenda kukutana na mbwa mwitu alivalishwa kola ya chuma yenye miba mirefu. Si urembo. Mbwa mwitu hulenga koo, akiuma anakutana na chuma.

Ila watu wasidhani Patou anashinda kwa kupigana. Akipigana kila usiku hamalizi mwaka. Anafanya kazi kwa ngazi. Ya kwanza ni harufu: jioni na alfajiri anazunguka mipaka ya kundi akikojolea mawe na vichaka, akitangaza kwamba pana mwenyewe. Ya pili ni sauti, anabweka hata bila kuona kitu, kwa ubweko mzito wa kusikika ng'ambo ya bonde. Ya tatu anajiweka katikati ya kundi na kinachokuja, amesimama wima, mkia umepanda. Ya nne anakimbilia mbele na kukata ghafla, bila kugusa. Kuuma ni ngazi ya mwisho kabisa. Wanyama wengi wala nyama huishia ya pili, kwa sababu nao wanapiga hesabu, jeraha ni njaa.

Tazameni mkia vizuri. Akiwa ametulia unaning'inia hadi kwenye kifundo cha mguu wa nyuma, ncha imejikunja kidogo kama ndoana. Akishtuka unapanda na kuviringika juu ya mgongo kama gurudumu. Wenyeji wa milima ile wana neno lake, arroundera, na limeingia hadi kwenye kiwango rasmi. Mchungaji aliye mbali hasubiri ubweko, anaona duara jeupe limetokea mgongoni anajua kuna jambo.

Na kundi la kondoo mia kadhaa halitoshwi na mbwa mmoja. Mmoja akivutwa upande huu kufukuza, upande wa pili uko wazi, na mbwa mwitu huja zaidi ya mmoja. Wawili ndio mwanzo.

#6 Mtego_wa_Hoja

Mnampamba sana. Ukweli usemwe: mbwa huyu hasikii. Unamwita mara tatu anakuangalia, anageuka upande wa pili. Usiku kucha anabweka. Ukiacha geti wazi humwoni. Kwa nini tusiseme tu kwamba hana akili?

#7 Mlinzi_Mweupe

Mkuu, umeeleza dalili zote sawasawa halafu ukakosea ugonjwa.

Kutokuja akiitwa: hakuchaguliwa kwa utii. Kwa vizazi na vizazi mbwa aliyeacha kundi kukimbilia mluzi wa mtu aliyeko kibandani alikuwa mbwa mbaya. Anajifunza amri upesi tu, mara ya nne haoni sababu ya kurudia kitu alichokwisha kukifanya. Kwa hiyo mazoezi ni mafupi, dakika tano hadi kumi, na unaishia kabla hajachoka nawe. Kupiga makelele hakusaidii, kumpiga ni kuharibu kabisa: kilo 50 zisizokuamini ni hatari ndani ya nyumba. Na hata aliyefunzwa vizuri usimwachie kamba mahali pasipo na uzio. Hapo hakuna mjadala.

Kubweka usiku: ndiyo saa za kazi. Mchana amelala kama zulia, jua likizama anaamka. Unaweza kupunguza kwa kumlaza ndani, lakini kumaliza huwezi. Mwenye majirani ukuta kwa ukuta achague mbwa mwingine. Nasema hivi kwa kumpenda mbwa, siyo kumchafua.

Kuzurura: yeye hachukulii kama kutoroka. Mpaka wake ni pale anapoona pana haja, na kama hukumwekea uzio, atajipimia eneo mwenyewe, na litakuwa kubwa kuliko shamba lako. Uzio uwe na kimo cha mita 1.5 hadi 1.8. Chini ndiko anakoanzia, kwa hiyo wavu uzikwe au upigwe waya wa umeme sm 20 kutoka ardhini. Mtoto wa miezi minne aliyejifunza kwamba uzio hupenyeka hatasahau, afadhali kuziba matundu kabla hajafika.

Kwa watu wa nyumbani ni mpole, hasa kwa watoto na wanyama wadogo. Anawaegemea, anawalalia miguuni. Kwa mgeni anakaa kimya anapima. Mpole si sawa na mlegevu: mgeni akipokewa na mwenyeji anaachwa, akiruka ukuta hiyo ni habari nyingine. Kwa mbwa wageni, hasa dume kwa dume, uvumilivu wake ni mdogo. Na utu uzima unachelewa, miezi 18 hadi 24. Hapo katikati una mwili wa mbwa mzima wenye kichwa cha mtoto.

Kama bado mnadhani hana heshima, mwaka 2014 kijiji cha Cormorant, Minnesota, kilimchagua mbwa wa mbegu hii aitwaye Duke kuwa meya. Cheo cha heshima tu, lakini kura zilipigwa.

#8 Zizi_la_Juu

Niweke upande wa kazi, maana wengi wananunua mtoto wa mbwa, wanamtupa zizini, akifika miezi minane wanalia kwamba anaua wana-kondoo.

Anayelinda kondoo halindi kwa kufundishwa kupigana. Analinda kwa sababu anawaona ni wenzake. Mlango wa kuwazoea uko wazi zaidi kati ya wiki ya 3 na ya 16. Kwa hiyo kuanzia wiki ya 8 anawekwa kwenye kizizi kidogo pamoja na kondoo wachache watulivu, siyo kundi zima na siyo kondoo wakali wa kumvunja mbavu. Ndani ya kizizi tengeneza kona ambayo yeye anapenya na kondoo hawapenyi. Humo weka chakula chake na pa kulala. Asipokuwa na kona hiyo kondoo watakula chakula chake, ataanza kukilinda dhidi yao, na hapo umeshapanda ugomvi.

Mshike na umguse kila siku. Ile imani kwamba mbwa mlinzi asiguswe na mtu inaleta mbwa ambaye daktari hawezi kumchoma sindano na ambaye humkamati akiumia. Mzoeshe kamba, gari, kufungwa kwa muda. Kinachokatazwa ni kumzoesha kuona starehe iko kwa mtu, na kondoo ni wa kuachwa nyuma.

Umri wa miezi 5 hadi 12 ndio wa majaribu. Anataka kucheza, na mwenzake wa kucheza ni kondoo. Anakimbiza, anavuta sufi, anatafuna masikio. Kwake ni mchezo, kwa mwana-kondoo ni kifo. Usimsubiri aache mwenyewe. Mtoe kwenye wana-kondoo, mweke na kondoo jike wakubwa wasiopenda utani, wamkanye kwa vichwa vyao. Mwangalie saa za alfajiri na jioni, ndipo damu inapomchemka. Wengine humning'inizia kijiti kwenye kola kwa mnyororo mfupi, kiasi cha kugonga miguu ya mbele akianza kukimbia. Akitembea hakimsumbui. Kinasaidia kwa wiki chache, lakini si mbadala wa jicho la mtu, na mahali penye vichaka kinaweza kumnasa.

Msimu wa kuzaa kondoo una mtego wake. Mbwa hula kondo la nyuma, hilo ni la kawaida na linapunguza harufu inayoita wala nyama. Kijana asiyejua pa kuishia anaendelea kulamba mpaka anang'ata mkia wa aliyezaliwa. Msimu wa kwanza awe upande wa pili wa wavu, aone na anuse, asiingie peke yake.

Mawili ya mwisho. Chakula cha mifugo chenye monensin, dawa inayochanganywa kwenye lishe, ni sumu kwa mbwa, usikiache wazi. Na usimpe matumbo mabichi ya kondoo, ini wala mapafu: ndiko wanakokaa malengelenge ya tegu ambaye akikomaa ndani ya mbwa, mayai yake yanarudi kwa kondoo na kwa binadamu. Dawa ya tegu ya kawaida ni praziquantel, ratiba atakupangia daktari.

#9 Kibibi_Nyota

Na hayo manyoya? Wakati wa joto si anyolewe tu apumue?

#10 Sufi_Mbili

Usimnyoe! Ni matabaka mawili. Nje nywele ndefu, nzito kidogo, zinazolala. Ndani sufi laini iliyosongamana. Ngozi chini ni ya waridi na inaungua jua. Tabaka la nje ndilo kivuli chake. Kinachomtesa wakati wa joto ni sufi mfu iliyokwama ndani, inayozuia hewa. Ukiitoa hiyo, hewa inapita. Zaidi ya hapo ni kivuli, maji muda wote, na kazi ihamie usiku, ambayo ndiyo saa yake hata hivyo. Akihema kwa fujo, ulimi mwekundu ulioiva, anayumba, mmwagie maji ya baridi ya kawaida tumboni na mapajani, mpulizie upepo, halafu safari ya kwa daktari ianze.

Kupiga brashi ni mara moja au mbili kwa wiki, na kila siku wakati anamwaga sufi. Kosa la kawaida ni kupitisha brashi juu juu. Mbwa anang'aa nje, ndani kuna blanketi. Mlaze ubavu, tumia mkono mmoja kuinua manyoya juu mpaka uone mstari wa ngozi, chana chini ya mstari huo kwa brashi ya sindano, shuka sentimita mbili, rudia. Maliza kwa chanuo la chuma: likipita kutoka kwenye ngozi hadi nchani bila kukwama, hapo umemaliza. Panapofunga vifundo ni nyuma ya masikio, makwapani, na yale manyoya marefu ya nyuma ya mapaja yanayofanana na suruali.

Kuoga ni mara chache, matope yakikauka yanadondoka yenyewe. Ila siku ya kuoga chana kwanza. Kifundo kikilowa kinakaza kama kamba ya katani, na hapo dawa yake ni mkasi.

#11 Dokta_Mifugo

Kwa upande wa afya nitaje ya kuulizia kabla ya kununua. Umri wao wa kawaida ni miaka 10 hadi 12.

Nyonga: kiungo hakikai vizuri, mbwa anaruka kama sungura akikimbia, anashindwa kuinuka asubuhi. Dai picha za eksirei za wazazi wote wawili. Usizidishe ukuaji: chakula kiwe cha watoto wa mbwa wakubwa, kalsiamu isizidi asilimia 1.8 ya uzito mkavu, na usiongeze unga wa mifupa "ili awe mkubwa". Atakuwa mkubwa tu. Mtoto mnene ndiye anayevunjika viungo.

Damu: kuna ugonjwa wa kurithi, Glanzmann, ambao chembe sahani, zile za kugandisha damu, haziwezi kushikana, kidonda kidogo kinavuja muda mrefu na fizi zinatoka damu. Anaugua aliyerithi kutoka kwa baba na mama. Kipimo cha jeni kipo, mzalishaji makini anacho.

Mifupa: saratani ya mfupa hupenda mbegu kubwa. Kuchechemea kusikoisha kwa mbwa wa makamo si "baridi", piga picha.

Tumbo: hili linaua ndani ya saa chache. Tumbo linajaa gesi kisha linajipinda. Utaona mbwa hatulii, anatoa udenda, anajaribu kutapika hakitoki kitu, tumbo gumu kama ngoma. Usimpe mafuta, usimpe soda, usisubiri asubuhi. Ni upasuaji. Kuzuia: milo miwili au mitatu badala ya mmoja mkubwa, ale polepole, apumzike baada ya kula. Kuinua bakuli juu hakumkingi. Akiwa amelazwa kwa upasuaji mwingine, zungumza na daktari kuhusu kushonea tumbo lisijipinde.

Nusukaputi: mbwa mkubwa anahitaji dawa ya kutuliza kidogo kwa kila kilo kuliko mbwa mdogo, na uzito apimwe kwenye mizani. Kukisia kwa macho mbwa mwenye manyoya haya ni njia ya kumzidishia.

#12 Mguu_Mlimani

Naomba la kiusalama. Wapanda milima wanaopita kwenye malisho ya Alps na Pyrenees wanakutana na Patou wa kazi, na makosa ni yale yale.

Ukiona kundi, zunguka mbali, usikate katikati. Uko kwenye baiskeli? Shuka, itembeze. Mbwa wako mfunge kamba fupi. Patou akija akibweka, simama. Mpe nafasi akunuse, ongea kwa sauti ya kawaida, usimkazie macho, usiinue fimbo. Akitulia, ondoka polepole ukimwacha kati yako na kondoo. Kukimbia kunamthibitishia alichokuwa akikishuku. Na usimbembeleze wala kumpa mkate, hasa mtoto wa mbwa: mbwa aliyejifunza kufuata watalii kijiji hadi kijiji ni mbwa aliyepotea kazini.

#13 Mtego_wa_Hoja

Haya, nimenyooshewa, nakubali. La mwisho: weupe wako wengi. Kuna Maremma wa Italia, Kuvasz wa Hungaria, Tatra wa Poland, Akbash wa Uturuki. Mtu wa kawaida atawatofautishaje? Kuna mmoja anatangazwa kama "Patou halisi", mweupe pee, mkia mzuri, mabaka hana.

#14 Mlinzi_Mweupe

Kukosa mabaka siyo hoja, Patou mweupe tupu yupo. Mkia nao peke yake hautoshi. Hata makaratasi yana vichekesho: FCI imewaweka Maremma, Kuvasz na Tatra kundi la 1 pamoja na mbwa wa kuchunga, Patou akawekwa kundi la 2 na mbwa wa milimani, wakati kazi ni ile ile. Kuvasz manyoya yake yana mawimbi. Akbash ana miguu mirefu zaidi na mwili mwepesi.

Lakini kabla ya yote hayo mwambie muuzaji amgeuze mbwa, ushike mguu wa nyuma, upapase upande wa ndani juu kidogo ya wayo. Viko vidole viwili, au kimoja, au hakuna?

#15 Mtego_wa_Hoja

Kwenye picha aliyotuma naona kimoja. Mguu wa kulia, wa kushoto hauonekani.

#16 Mlinzi_Mweupe

Basi omba picha ya kushoto. Kikiwa kimoja huko nako, mlipe bei ya chotara.